Stoo ya hadwea: mzigo usikupotelee

Wenye hadwea wenzangu, mzigo ukipungua stoo tunakimbilia kusema kijana kaiba, kumbe mara nyingi ni mpangilio tu. Anza na saruji maana ndo inaumiza. Mifuko usiipange chini kwenye sakafu, weka mbao au paleti, acha nafasi kidogo na ukuta, unyevu ukipenya inaganda mabonge na hapo hela imeshaenda. Mimi mzigo ukishuka tu naandika tarehe kwa makapeni kwenye mifuko, wa zamani unakaa mbele unatoka kwanza, mpya nyuma, maana saruji ikikaa zaidi ya miezi 3 nguvu inapungua hata kama mfuko haujafunguliwa.

Kuagiza nako usisubiri iishe. Chukua mauzo ya siku, zidisha kwa siku ambazo gari inatumia kufika, ongeza akiba. Mfano unauza mifuko 20 kwa siku na mzigo unachukua siku 4, hiyo 80, weka na 40 ya dharura, basi stoo ikibaki 120 pigia sapulaya siku hiyohiyo.

Misumari sasa, hii inauzwa kwa kilo na gramu zinavuja bila wewe kuona, kwahiyo pima boksi kabla hujalifungua, likiisha linganisha uzito huo na mauzo yaliyoandikwa kwenye daftari. Nondo za milimita 12 na 16 zitenganishe, paka rangi tofauti kwenye ncha. Na kila jioni hesabu aina tatu nne tu za bidhaa, kesho nyingine.