Kufunga kreni ya dingi na ngazi ya kupandia kwenye yoti inayolala Msasani

Yoti nyingi za Dar es Salaam hazifungwi gatini. Zinalala kwenye boya katika ghuba ya Msasani na watu huzifikia kwa dingi, kiboti kidogo ambacho kreni hukiinua hadi juu ya yoti. Hilo peke yake linaamua kinunuliwe nini kwanza. Daraja la haidroliki la kuvukia gatini, linalochomoza tezini (nyuma ya yoti), lile la kwenye picha za bandari za Mediterania, limetengenezwa kwa bahari ambayo maji yake hupanda na kushuka kidogo sana. Hapa kwetu, siku za bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika mita 3 na zaidi. Mwongozo wa kimataifa wa vyombo vya baharini unataka daraja lisizidi mwinamo wa digrii 30, na ngazi ya ubavuni isizidi digrii 55. Daraja la mita 3 likiinama digrii 30, ncha yake imepanda mita 1.5 tu. Hata ukilipanga lilale sawa maji yakiwa katikati, bamvua italifikisha ukingoni juu na chini, na hapo wimbi bado hujalihesabu. Kama hufungi kwenye gati inayoelea, hela ya daraja iweke kwenye kreni nzuri na ngazi imara ya ubavuni.

Pima uzito kabla hujauliza bei

Kosa kubwa ni kununua kreni kwa uzito wa dingi ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Huo ni uzito wa dingi tupu. Chukua dingi ya mpira yenye chini ya faiba, urefu mita 3.8: mwili kilo 140, mashine kilo 75, tangi la lita 25 likiwa limejaa kilo 20, betri 15, nanga na mnyororo 10, makasia na maboya ya kuvaa 10. Hizo ni kilo 270. Mvua ya masika ikiacha lita 40 ndani, umefika 310. Vitu vyako vitatofautiana, kwa hiyo ining'inize dingi yako kwenye mizani ya ndoano, ikiwa na kila kitu ndani, usome mwenyewe.

Halafu pima umbali. Kutoka katikati ya nguzo ya kreni hadi ukingo wa yoti, tuseme mita 1.5, ongeza nusu ya upana wa dingi, mita 0.9; ongeza mita 0.3 ili isikwaruze ubavu. Jumla mita 2.7. Sasa kreni iliyoandikwa kilo 500 inabeba kilo hizo mkono wa kreni ukiwa mfupi, labda mita 1.8. Zidisha upate 900, gawa kwa 2.7, zinabaki kilo 333, na hapo uzito wa mkono wenyewe haujatolewa. Kwenye karatasi dingi ya kilo 310 inapita. Baharini, dingi ikishuka na wimbi kisha waya ukakaza ghafla, kilo 23 za ziada si kitu. Tafuta inayobeba angalau kilo 450 kwa umbali huohuo wa mita 2.7, na udai jedwali la mizigo la mtengenezaji, si namba moja iliyobandikwa kwenye nguzo.

Sitaha ndiyo inayobeba

Kreni yenyewe ni nadra kuvunjika. Kinachoachia ni sitaha. Kilo 310 kwa mita 2.7, kitako cha kreni kikiwa na bolti zilizoachana sentimita 30, ni mvuto wa zaidi ya tani 2.5 kwenye bolti za upande wa nyuma. Faiba peke yake haiwezi kuhimili hilo.

Sitaha nyingi za yoti ni tabaka mbili za faiba zenye mbao nyepesi au povu katikati. Toboa tundu dogo la majaribio na uangalie unga unaotoka. Ukiwa mkavu na mweupe, endelea. Ukitoka wa kahawia na umelowa, acha kazi: mbao ya ndani imeoza, na eneo lote litafunguliwa na kujengwa upya kwanza. Pakiwa pazima, panua matundu, chimba kiini cha ndani kuzunguka kila tundu, jaza gundi ya epoksi iliyotiwa unga wa kuikaza, iache ikauke kabisa, ndipo utoboe tena tundu la saizi ya bolti. Maji hayatapata njia ya kuingia kwenye mbao, na bolti haitaminya sitaha.

Chini ya sitaha weka bamba la milimita 10, la alumini ya baharini au stenlesi aina ya 316, lenye eneo mara mbili ya kitako, likishikana na mataruma (mbavu za boti) au ukuta wa ndani ili mvuto usambae hadi kwenye mwili wa boti. Washa kubwa za bolti pekee hazitoshi.

Bolti zina mtego wake. Maduka ya Gerezani na Kariakoo huuza zote kwa jina moja, stenlesi, na sumaku haikusaidii kutenganisha 304 na 316. Soma kichwa cha bolti: A4-70 ni 316, ya baharini; A2-70 ni 304, ya nchi kavu, na itaota kutu ya madoa mapema. Paka grisi ya kuzuia kuganda kwenye uzi wa bolti, kisha kaza polepole kwa spana ya mkono. Mashine ya kukazia hupasha uzi joto, stenlesi inang'atana, na nati haisogei tena mbele wala nyuma. Kreni ya alumini itenganishwe na bolti kwa washa na mirija ya nailoni. Vikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe na rangi ikivimba.

Kwenye umeme, pampu ya haidroliki ya kreni ya 24 V inayovuta ampea 80, betri ikiwa mita 10, inataka waya wa milimita mraba 35. Upungufu wa volti unakuwa 0.8 hivi. Ukiweka waya mwembamba, pampu itaguna bila kuinua na fundi atailaumu pampu. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Hakikisha pia silinda inayoinua mkono ina vali ya kushikilia mzigo, ili mpira wa oili ukipasuka mkono usianguke.

Majaribio

Jaribu kwa asilimia 125 ya mzigo uliokusudia: kwa kilo 310 ni karibu 388. Mapipa ya plastiki ya lita 200 yanafaa, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Hesabu na uzito wa mapipa. Chagua siku ya maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, ghuba ya Msasani huingiza mawimbi. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, rasi ya Msasani huikinga. Ning'iniza mapipa nje ya ubavu, juu ya maji, ujaze kidogo kidogo, uyaache dakika 10. Mtu mmoja akae chini ya sitaha na tochi akiangalia bamba. Ukisikia mlio wa faiba au ukaona ufa wa nywele kuzunguka kitako, shusha. Baada ya hapo itafute hati ya mkaguzi: OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, husimamia vifaa vya kuinulia mahali pa kazi; TASAC, shirika la uwakala wa meli, husimamia usalama wa vyombo vya majini.

Siku zote za kazi, asikae mtu ndani ya dingi inayoinuliwa. Kamba moja omo (mbele), nyingine tezi, kila moja na mtu wake. Kizibo cha dingi kitolewe maji yamwagike, na kirudishwe kabla ya kushusha.

Ngazi

Kipandio cha chini kizame angalau sentimita 30; sisi tunapendelea 60, kwa sababu mtu aliyechoka hainui goti juu. Vipandio viwe bapa, maana bomba la duara linaumiza nyayo. Aliyeanguka majini aweze kuishusha mwenyewe. Jaribuni hilo kweli, mtu akiwa majini, hakuna wa kumsaidia juu.

Chumvi

Suuza kila baada ya matumizi, lakini onja maji kwanza: visima vingi vya Masaki na Msasani vina chumvi, na kuyatumia ni kuongeza unachotaka kuondoa. Acha silinda zikiwa zimerudi ndani. Waya wa kuinulia ukionyesha kutu pale unapoingia kwenye kishikio, au nyuzi zilizokatika, ubadilishwe wote. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Imwage yote, safisha tangi, jaza oili ya haidroliki ya namba 46 ikiwa mtengenezaji anairuhusu. Unapotafuta tundu la kuvuja pitisha kipande cha boksi, kamwe si kiganja, kwa sababu oili yenye presha hupenya ngozi na jeraha lake ni la hospitali siku hiyohiyo. Na fimbo ya silinda ikiwa na vishimo vya kutu, usibadilishe sili (mpira unaozuia oili kuvuja) peke yake. Vishimo vitaikata sili mpya vilevile. Fimbo ing'arishwe na kupakwa kromu upya, au inunuliwe nyingine.