Namna ya Kuzuru Magofu ya Ngome ya Carreg Cennen, Wales

Ngome ya Carreg Cennen imesimama juu ya jabali la mawe ya chokaa, takriban mita 90 juu ya bonde la mto Cennen, karibu na kijiji cha Trapp kusini-magharibi mwa Wales. Mji wa jirani wenye kituo cha treni ni Llandeilo, lakini treni za huko ni chache, hivyo hakikisha saa ya kurudi kabla hujaondoka, na kama huna gari, agiza teksi mapema. Siku za kazi asubuhi ndizo bora, kwa kuwa utulivu wa mahali hapa ni nusu ya utamu wake.

Njia ya kupanda huanzia kwenye shamba la mifugo chini ya kilima. Vaa viatu visivyoteleza, funga kila geti unalolipita kwa ajili ya kondoo na ng'ombe wanaolisha hapo, na uwe na tochi nzuri, maana bila tochi utakosa sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Ukifika langoni, usiharakishe. Wajenzi wa mwishoni mwa karne ya 13 walikusudia kumchelewesha kila anayeingia: ilimbidi akate kona na kuvuka madaraja ya kuinuliwa yaliyotandazwa juu ya mashimo, huku walinzi wakimtazama kutoka juu. Ukiona kuta zimekatika ghafla, usidhani ni mvua na upepo tu vilivyozila. Mwaka 1462, baada ya upande wa ukoo wa York kuitwaa ngome hii katika vita vya kugombea taji la Uingereza, watu wapatao 500 walilipwa kuibomoa kwa sururu na mitaimbo ili maadui wasijifiche humo tena.

Upande wa kusini ni genge tupu, kwa hiyo washike watoto mkono. Kisha tafuta ngazi zinazoshuka kwenye ujia mwembamba uliojengwa ubavuni mwa genge, wenye vidirisha vinavyoingiza mwanga kidogo. Pitisha kiganja ukutani unapotembea: kuna mahali ambapo mawe ya waashi yanakoma na jabali lenyewe linaanza, baridi na lenye unyevunyevu. Hapo umeingia pangoni. Inamisha kichwa, nenda taratibu hadi ndani, simama imara, halafu zima tochi kwa dakika moja usikilize matone ya maji. Iwashe tena kabla hujainua mguu.