Kabla hujapunguza ugali: maandalizi ya mwenye kisukari Kigoma

Kabla hujagusa ugali, toa dawa zako zote, ziweke mezani na usome majina yake. Wanga ukipungua kwenye sahani huku dozi imebaki ileile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Hatari hiyo ni kubwa kwa anayechoma insulini na kwa anayemeza glibenklamidi, ambayo wengi tunaiita Daonil, kwa kuwa vidonge hivyo hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala cha kutosha. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kukuangusha hivyo. Nenda kliniki, mwambie daktari waziwazi kwamba unataka kupunguza ugali kwa nusu, umuulize dozi itakuwaje. Usijipunguzie mwenyewe. Na kama unatumia dapagliflozini (kidonge kingine cha kisukari), una kisukari cha aina ya kwanza, una ujauzito au figo zimeshaguswa, usianze chochote mpaka uonwe. Kwa mwenye figo dhaifu hata maharage, parachichi na mboga za majani huenda vikahitaji kupangiwa kiasi.

Pata mashine ya kupimia, walau kwa wiki za mwanzo. Vijiti vyake ni ghali na vinauma mfukoni, kwa hiyo vitumie pale vinapokuambia kitu: asubuhi kabla ya kula, na saa mbili baada ya mlo uliobadilisha. Watu wazima wengi huwekewa lengo la 4.4 hadi 7.2 mmol/L asubuhi na chini ya 10 baada ya kula, ingawa daktari anaweza kukupa lako. Ikiwa chini ya 4, au ukianza kutoka jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, subiri dakika 15, upime tena. Kwa hiyo usiifukuze sukari yote nyumbani. Mwonyeshe mwenzako na watoto ilipo, na wajue kwamba ukipoteza fahamu wasikumiminie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali.

Sasa sahani, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wakipotezwa na maneno ya mtaani. Eti ugali wa muhogo hauna sukari! Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu: zaidi ya gramu 80 katika kila gramu 100. Wa mahindi ni kama 75. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, na mimi ningechagua dona, lakini bonge la dona bado ni bonge. Ukiacha ugali ukahamia viazi vitamu, magimbi au ndizi za kupika, umehama chumba, hujahama nyumba.

Mmea uleule unaotupa wanga mara nyingi hutupa na mboga. Badala ya muhogo mwingi, sombe (kisamvu) nyingi, iliyotwangwa na kuchemshwa sana. Badala ya kiazi kitamu, matembele. Ongeza majani ya maboga, bamia, nyanya chungu, bilinganya. Anayeukosa wali akate kabichi nyembamba sana, aipitishe motoni na kitunguu: gramu 100 za kabichi zina wanga wa gramu 6 hivi, wakati wali mweupe uliopikwa una kama 28. Nusu ya sahani iwe mboga za namna hii, robo samaki, robo ndiyo ugali.

Samaki kama mgebuka, kuhe na dagaa hawana wanga wa kuhesabu, na hii ni neema yetu watu wa ziwa. Maharage tunayahesabu kama mboga, lakini kikombe kimoja kilichopikwa kina wanga wa gramu 40 hivi. Nyuzinyuzi zake nyingi hufanya sukari ipande polepole, kwa hiyo usiyaache. Siku ya maharage punguza ugali zaidi. Mawese hayana wanga, ila kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, na karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina isiyoutakia moyo mema. Kijiko kitoshe.

Asubuhi ni rahisi: mayai, parachichi au konzi ya karanga na chai isiyo na sukari, maandazi yapumzike.

Siku ya msiba, au safari ya treni kwenda Tabora, chakula huchelewa ilhali kidonge umeshameza. Muulize daktari mapema ufanyeje siku kama hizo, na uwe na glukosi mfukoni.

Mwisho ni akiba. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na mlo unaotegemea samaki wabichi pekee hauwezi kuhimili miezi mitatu ya namna hiyo. Nunua dagaa wakavu mapema, wasiotiwa chumvi, maana wengi wenye kisukari wana na presha. Wahifadhi mahali pakavu kwenye chombo chenye mfuniko, na kila unapopika waoshe kwa maji ya uvuguvugu hadi mchanga uishe.