SOMO: Kuunganisha serikali, kampuni na wananchi kwenye mradi mmoja bila kugombana mwaka wa pili

Salaam wakuu. Swali la "nina wazo la kusaidia jamii, nawaunganishaje serikali na kampuni?" nimelijibu mpaka vidole vimeota sugu. Juma lililopita peke yake nimeulizwa mara nne inboksi. Naandika mara moja, baada ya hapo nitakuwa naleta kiungo tu.

Sina shahada ya mambo haya. Nimekuwa katibu wa miradi mitatu ya ubia. Miwili ingali hai, mmoja niliuua mwenyewe kwa kalamu yangu, na huo ndio ulionifundisha.

Kwanza tuelewane maneno. Ubia ni pale ofisi ya umma, kampuni na asasi au kikundi cha wananchi wanapoweka kila mmoja kitu chake mezani, na mambo yakiharibika kila mmoja anaumia. Kampuni ikileta msaada, ikapiga picha na kuondoka, hiyo ni sadaka. Serikali ikimlipa mkandarasi ajenge, hiyo ni zabuni. Sina ugomvi nazo, ila somo hili halizihusu.

Hatua ya 1. Tatizo litajwe na wenye tatizo. Ukifika na jibu mkononi umeshachelewa.

Hatua ya 2. Chora nani ana nini: ardhi, vibali, mafundi, fedha, nguvu kazi, watu wanaosikilizwa.

Hatua ya 3. Pima hali ya awali kabla hujagusa chochote. Wanatembea muda gani kufuata maji, wanachota ndoo ngapi. Usipopima leo, mwakani utabaki kusema "hali imeboreka" na hakuna atakayekuamini.

Hatua ya 4. Kila mbia aseme waziwazi anafuata nini. Kampuni inataka jina lake lionekane, au inataka wateja, au inataka amani na majirani wa kiwanda. Diwani anataka kura. Asasi yako nayo inataka kitu cha kuweka kwenye ripoti, usijifanye malaika. Hakuna dhambi hapo. Dhambi ni kuficha, maana kilichofichwa kinatokea kikao cha sita, na kinatokea kikiwa na hasira.

Mkiandikia ofisi ya serikali, tajeni Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Yako 17, na shabaha ya 17.17 inataja ubia wa umma, sekta binafsi na asasi za kiraia kwa jina. Inaokoa kurasa mbili za kujieleza.

Hatua ya 5. Hati ya makubaliano. Hapa nakaa.

Mradi ule niliouua ulikuwa kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua, tangi moja na vituo vitano vya kuchotea. Idara ya serikali ilichimba kisima, kampuni ikatoa pampu na paneli, wananchi wakachimba mtaro wa bomba, sisi asasi tukaratibu. Hati ilikuwa na kurasa kumi na moja. Kurasa mbili nzima zilieleza nembo ya nani ikae wapi kwenye bango. Kuhusu matengenezo kulikuwa na sentensi moja: "Wabia watashirikiana katika matengenezo ya mradi." Aliyeiandika ni mimi, na nakumbuka nilivyoridhika nayo.

Mwezi wa kumi na nne kidhibiti cha pampu kikaungua. Ni kiboksi tu, unakibeba kwa mkono mmoja. Kampuni ikasema: sisi tulikabidhi siku ya uzinduzi. Idara ikasema: hatuna hati ya makabidhiano, kwa hiyo si mali yetu, na fedha ya umma haitengenezi mali isiyo ya umma. Nilikasirika sana, lakini walikuwa sahihi kisheria. Kamati ya maji ikafungua daftari la mweka hazina, safi, mistari imepigwa kwa rula, kila ndoo imeandikwa. Fedha ilikuwepo, ila haikufika hata nusu ya bei ya kidhibiti. Kwa nini? Bei ya ndoo tuliipanga kwa kunyoosha mikono mkutanoni na hakuna aliyeuliza kidhibiti kinauzwaje.

Miezi saba tulibishana kwa barua. Siku moja nilipita kituo cha tatu nikakuta mtu amefunga kamba kutoka kwenye bomba hadi mtini, ameanika nguo za mtoto. Bomba kavu, nguo ndizo zinadondosha maji.

Kwa hiyo:

Hati iwe na jedwali la vifaa. Kila kifaa: mmiliki nani, anayekagua nani, anayelipa kikiharibika nani, ndani ya siku ngapi. Andika cheo, usiandike jina la mtu, kwa sababu watu huhamishwa.

Bei ya huduma ianzie kwenye bei ya vipuri. Chukua bei ya kifaa, gawanya kwa miaka kinayotarajiwa kudumu, jumlisha fundi na ukaguzi, ndipo urudi kwenye bei ya ndoo. Ikiwa watu hawaimudu, ni heri mjue kabla ya kuchimba. Huko ndiko mbia wa serikali au kampuni anapoombwa afidie pengo, kwa maandishi.

ONYO: neno "watashirikiana" lisikae kwenye sentensi yoyote inayohusu fedha. Likionekana, futa, andika nani.

ONYO la pili: makabidhiano yasainiwe kabla ya utepe kukatwa. Utepe ukishakatwa kila mtu ana safari.

ONYO la tatu: wekeni kipengele cha kuondoka. Mbia akitaka kutoka anatoa notisi ya muda gani, na anaacha nini. Kuna watu wanaona kukizungumzia ni kuleta nuksi. Wavumilie, lakini kiwepo.

Na msidhani ni sisi tu tuliolala. Makadirio ya mwaka 2009 kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara yalionyesha kwamba takriban theluthi moja ya pampu za mkono vijijini zilikuwa hazifanyi kazi.

Hatua ya 6. Awepo mtu ambaye kazi yake ni ubia wenyewe, na alipwe. Mwaka 2011 Wamarekani wawili, John Kania na Mark Kramer, walitaja masharti matano ya ushirikiano wa namna hii kufanikiwa: ajenda moja, vipimo vya pamoja, kazi zinazosaidiana, mawasiliano yasiyokatika, na chombo cha kuratibu chenye watumishi wake. Wabia wanapenda manne ya kwanza kwa sababu hayana mshahara.

Hatua ya 7. Akaunti ya mradi peke yake, saini tatu, taarifa ya benki isomwe hadharani.

Hatua ya 8. Vikao kila mwezi, muhtasari ndani ya siku tatu. Basi.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

---

Kijana Mpambanaji: Mkuu somo zuri. Naomba sampuli ya hati niijaze majina tu.

Mwandishi: Yangu ilikuwa sampuli iliyojazwa majina. Rudi hatua ya 5.

Mzee wa Fursa: Sijasoma yote, ndefu. Kwa kifupi mfadhili anapatikanaje?

Mwandishi: Somo halihusu mfadhili. Mbia na mfadhili ni watu wawili tofauti, imeelezwa aya ya tatu.

Mzee wa Fursa: Sasa si ungejibu tu mkuu, mbona mkali?

Mwandishi: Nimejibu.

Nuru: Shikamoo. Kwenye kamati yetu wanawake ni nusu, lakini vikao vinaisha bila hata mmoja kufungua mdomo, na wao ndio wanaochota maji. Tumejaribu kuwaambia waongee, hawaongei. Tufanyeje?

Mwandishi: Marahaba Nuru. Swali kama hili ndilo nililokuwa nalisubiri. Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya ushirikishwaji yenye vipandio vinane. Cha chini kabisa watu wanatumiwa kama muhuri, cha juu wanashika usukani wenyewe. Kamati yako iko katikati: wanashauriwa, hawaamui. Kumwambia mtu "ongea" hakumpandishi hata kipandio kimoja.

Kilichotusaidia mradi wa pili ni vitu vidogo. Tulihamisha saa ya kikao, maana ya kwanza iligongana na kupika. Wanawake wakakaa peke yao nusu saa kabla, wakaja na msimamo mmoja na msemaji waliyemchagua. Kisha tukawapa uamuzi wenye meno: saa za kufungua vituo zinapangwa na wao, kikao kikuu kinapokea tu. Mwezi wa tatu walianza kuhoji bajeti pia. Wanaume wawili walinuna, wakazoea.

Nuru: Ahsante sana. Hilo la kukaa kwanza peke yao hatukuwahi kulifikiria.

Mlipa Kodi: Samahani, mimi naona ubia ni njia ya serikali kukimbia wajibu wake. Maji ni haki, kwa nini wananchi wachimbe mtaro?

Mwandishi: Ulitaka tukae na ndoo tupu tukisubiri haki?

Mlipa Kodi: Sijasema hivyo. Nauliza mpaka uko wapi.

Mwandishi: Haya, nimekurupuka, niwie radhi. Una hoja. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua haki ya maji safi mwaka 2010, na mwenye wajibu ni serikali. Mpaka wangu ni huu: usimamizi wa ubora wa maji, na kuhakikisha maskini hakosi, haviendi kwa kampuni wala kwa kamati. Ukiona hati inavihamisha, usisaini. Mtaro ni jasho la siku chache, wajibu hauna tarehe ya mwisho.

Katibu Kata: Kampuni inayolalamikiwa kumwaga taka mtoni imeomba kuwa mbia kwenye bustani yetu ya miti. Tukubali?

Mwandishi: Waulizeni kwanza kuhusu mto, kwa barua, na jibu liwe la barua. Msiridhike na cheti cha kujiunga na Global Compact ya Umoja wa Mataifa, yaani mpango ambao kampuni huahidi kufanya biashara kwa uadilifu. Ina kanuni 10 nzuri, lakini kujiunga ni hiari na haimkagui mtu mtoni. Wakikataa kuuzungumzia mto, miti hiyo ni pazia.

Fundi Bomba: Na wasiolipia maji mnawafanyaje? Kwetu tulianza na faini kubwa, watu wakavunja kufuli.

Mwandishi: Anzeni na ndogo. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotunza mifereji, misitu na malisho kwa pamoja. Zilizodumu zilikuwa na adhabu inayoanza chini na kupanda kadiri mtu anavyorudia, na kanuni walizitunga watumiaji wenyewe. Kosa la kwanza kwetu ni kuitwa na jirani tu. Wengi wanaishia hapo.

Fundi Bomba: Nimekupata. Na mimi niongeze moja: paneli zifutwe vumbi asubuhi zikiwa za baridi. Ukimwagia maji baridi mchana wa jua kali kioo kinaweza kupasuka.

Mwandishi: Hilo liingie kwenye jedwali la vifaa, safu ya anayekagua. Ahsante fundi.

Nuru: Na ule mradi wa kidhibiti kilichoungua uliishaje?

Mwandishi: Haukufufuka. Baadaye bomba la mradi mwingine lilipita karibu, watu wakahamia huko. Tulipokwenda kuhesabu mali, paneli nne zilikuwa zimeondoka na hatukuwa na pa kuanzia kuzitafuta, kwa sababu hatukuwahi kunakili namba zake. Ziko kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa mgongoni mwa paneli. Nakilini kabla fundi hajapanda nazo juu.