Chora kwa mkono wako: ateri za ubongo na za tando zake

Wengi wanaoshindwa swali la ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) za ubongo mtihanini wamekariri majina kabla hawajaijua njia ya damu. Fuata njia kwanza. Chukua karatasi, kalamu nyekundu na vidole vyako viwili.

Hatua ya 1: shingoni, mbele. Gusa taratibu kando ya kikoromeo, upande mmoja tu. Usibane pande zote mbili kwa pamoja, mtu anaweza kuzimia. Panapodunda ni ateri ya karotidi. Usawa wa pingili ya 4 ya shingo inagawanyika: ya ndani na ya nje. Ya ndani haitoi tawi hata moja shingoni. Inapanda moja kwa moja hadi ndani ya fuvu. Ya nje ndiyo inayolisha uso, ulimi na ngozi ya kichwa. Usiichoree mstari mfupi, tutairudia.

Hatua ya 2: shingoni, nyuma. Ateri mbili za pingili zinatoka kwenye ateri za subklavia, chini ya mtulinga. Kila moja kwa kawaida huingia kwenye tundu la pingili ya 6, ikapanda tundu kwa tundu hadi ya 1, kisha ikapita tundu kubwa la chini ya fuvu. Ateri tumezoea kuziona zikigawanyika. Hizi mbili zinaungana, zikawa moja mbele ya shina la ubongo: basila.

Hatua ya 3: mduara. Thomas Willis, daktari wa Uingereza, aliueleza mwaka 1664 katika kitabu kilichochorwa kwa sehemu na Christopher Wren, yule msanifu majengo. Karotidi ya ndani inatoa ateri ya mbele na ya kati ya ubongo. Basila inaishia kwenye ateri mbili za nyuma. Kiunganishi kimoja mbele na viwili nyuma vinafunga duara.

Sasa zipe kazi. Ya mbele inalisha eneo la mguu. Ya kati, eneo la uso na mkono, na upande wa kushoto, kwa walio wengi, eneo la usemi. Ya nyuma, eneo la kuona. Mgonjwa aliyepinda mdomo, mkono umelegea na hasemi, amekwisha kukuonyesha ateri iliyoziba.

Hatua ya 4: tando (meninji), yaani tabaka zinazofunika ubongo: la nje ni utando mgumu, chini yake utando wa buibui. Hapa naomba utulie, maana hapa ndipo maisha yanapotea. Rudi kwenye karotidi ya nje. Tawi lake liendalo kwenye taya, maksila, linazaa ateri ya kati ya meninji. Hii inaingia fuvuni kwa tundu dogo na kupita kati ya mfupa na utando mgumu. Gusa panja lako: hapo mifupa minne ya fuvu inakutana, ni myembamba, na ateri ipo nyuma yake.

Kijana ameanguka na bodaboda bila kofia ngumu. Amezimia, ameamka, anaongea, anasema yuko sawa na anataka kwenda nyumbani. Asiende. Mfupa ukivunjika na ateri ikachanika, damu inasukuma utando mgumu kutoka kwenye mfupa. Baada ya saa chache anasinzia, mboni moja inatanuka, na muda wa kumwokoa ni mfupi mno.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ateri ya meninji ikiziba, mtu anapata kiharusi?*
Hapana. Inalisha utando na mfupa, si ubongo. Siku hizi madaktari huiziba kwa makusudi kutibu baadhi ya damu sugu iliyoganda chini ya utando mgumu.

*Kama kuna mduara, kwa nini kiharusi kinatokea?*
Kwa sababu mara nyingi kizuizi kinakaa baada ya mduara, ndani ya matawi. Tena kwa watu wengi mduara haujakamilika: kiunganishi ni chembamba sana au hakipo.

*Nawezaje kutofautisha damu hizi kwenye picha ya CT (picha ya eksirei ya vipande vya kichwa)?*
Iliyo juu ya utando mgumu huwa na umbo la punje ya dengu, imetuna pande zote mbili. Iliyo chini yake hukaa kama mwezi mwandamo, na kwa kawaida hutoka kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), hasa kwa wazee. Damu iliyotapakaa kwenye mifereji kuzunguka mduara wa Willis iko chini ya utando wa buibui. Bila ajali, mara nyingi ukuta wa ateri uliotuna kama puto umepasuka, na mgonjwa atakwambia kichwa kilimpiga ghafla, maumivu ambayo hajawahi kuyapata maishani.