Kabla ya Kufungua Bolti ya Kwanza: Ngazi ya Mlango ya Tela la Zamani

Ukinunua tela la kusafiria, yaani kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, la miaka ya 1960 au 1970 hapa Marekani, iwe Airstream, Shasta au jingine la rika hilo, ngazi ya mlangoni ndiyo itakayokupokea kwanza, na mara nyingi itakupokea kwa kuyumba. Wengi wakishaona hivyo hukimbilia kuagiza mpya. Ngazi yenyewe si ghali sana wala si ngumu kuifunga. Linalokula muda na pesa ni chuma kinachoibeba na sakafu iliyo juu yake, na hayo mawili huwezi kuyajua ukiwa umesimama nje na kikombe cha kahawa.

Kwa hiyo anzia ndani. Funua zulia au linoliamu pale mbele ya mlango, chukua bisibisi nyembamba, uichomeke kwenye plaiwudi kila baada ya vidole vitatu hivi, hasa kwenye ukingo unaogusa kizingiti. Plaiwudi nzima huigomea ncha. Iliyooza huipokea kimya, na ukiichomoa inatoka na unyuzi mweusi wenye harufu ya majani mabichi yaliyovunda. Hapo ujue maji yameingia kwa miaka, ama kwa raba ya mlango iliyokauka ama kwa upenyo chini ya kizingiti. Kwenye Airstream jambo hili lina uzito zaidi, maana ganda la aluminiamu limefungwa kwenye chesisi kupitia plaiwudi hiyo hiyo. Ziba panapovuja, kisha badilisha kipande cha sakafu, ndipo uje kwenye ngazi. Tena sakafu ikiwa wazi, bolti utakazohangaika nazo kutokea chini utazifikia kutokea juu.

Ukimaliza ndani, jiandae kuingia uvunguni. Egesha tela pahali tambarare na pagumu, weka vizuizi kwenye magurudumu mbele na nyuma, kisha uweke stendi imara chini ya mihimili mikuu ya chesisi. Vile vijeki vya pembeni ulivyokuta kwenye tela ni vya kuzuia mtikisiko tu mtu anapotembea ndani, havikutengenezwa kubeba tela wewe ukiwa chini yake. Na kama ekseli ni ile yenye raba ndani ya bomba lake, usiweke jeki kwenye bomba hilo.

Kule chini tazama mikono ya chuma inayotoka kwenye mhimili mkuu kuelekea ukingoni, kwa sababu mara nyingi ngazi hushikiliwa hapo. Kutu ya juu juu isikutishe, brashi ya waya itaiondoa. Inayotisha ni ile inayobanduka magamba kama karatasi. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Pale ambapo bati la aluminiamu la kufunika tumbo limegusana na chuma, bati ndilo huliwa zaidi, maana metali hizo mbili zikilowana pamoja aluminiamu ndiyo huliwa kwanza, na majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji huongeza kasi.

Ukifungua bati hilo, tegemea viota vya panya. Usifagie kikavu. Marekani kuna virusi vya hanta vinavyosambazwa na mkojo na kinyesi cha panya wa porini, na vumbi lake ndilo njia ya maambukizi. Fungua pande zote hewa ipite, vaa barakoa nzuri na glavu, lowesha kila kitu kwa maji yenye dawa ya klorini, subiri kidogo, kisha ukusanye kwa kitambaa.

Sasa ngazi yenyewe. Ishike kwa mikono miwili uivute kushoto na kulia huku ukitazama pini za pale inapokunjikia. Tundu la pini lililokuwa duara likigeuka umbo la yai, hapo ndipo kuyumba kote kunapotokea, na mwenye ngazi huwa anadhani chuma kizima kimechoka. Fundi wa kuchomelea anaweza kulichonga tundu upya, akatia bushi (kibomba cha kukaa ndani ya tundu) na pini nene zaidi, ikatulia kabisa. Msimamo wangu ni kwamba vidato vyenye unene wake bado vinastahili kutengenezwa, hasa kama una nia ya kulibakisha tela katika sura yake ya asili. Ngazi mpya yenye umbo la kisasa chini ya mlango wa mwaka 1964 huonekana kutoka mbali. Kidato kikishatoboka, au kimekonda mahali pa kukunjia, acha huruma. Hata hivyo piga picha kila upande na uhifadhi ile ya zamani, utaihitaji kama kielelezo. Springi zifunguliwe kwa tahadhari, umevaa miwani, maana huruka.

Kabla ya kuchukua vipimo, tazama ekseli. Airstream zimetumia ekseli za raba tangu 1961, na raba hiyo huchoka kwa umri, tela likashuka taratibu bila mwenyewe kujua. Tela likiwa tupu, ukiona mkono unaoshika gurudumu umelala sawa au umeelekea juu, raba imekwisha. Kama unakusudia kubadilisha ekseli, ibadilishe kwanza, kwa sababu mlango utapanda na ngazi uliyoipimia leo itakuwa fupi.

Ndipo pima: kutoka kizingiti hadi ardhini tela likiwa sawa kwa pimamaji, umbali kati ya bolti, nafasi kati ya vyuma vya kufungia, na kina kutoka chesisi hadi usawa wa mlango. Andika kwa inchi, vipuri vya huku vinauzwa hivyo. Vimo kati ya kidato na kidato viwe sawa, karibu sentimita 18 hadi 20. Kimoja kikizidi ndicho kitakachomwangusha mgeni usiku. Angalia pia ngazi ikikunjwa inabaki umbali gani kutoka ardhini. Soma na kibandiko cha uzito ambao ngazi inaweza kubeba. Nyingi hubeba pauni 300, yaani kilo 136 hivi, na mtu mwenye friji mikononi huzipita kirahisi.

Bolti zipige mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla. Za kurudishia zisiwe za kuokoteza: kichwa chenye mistari mitatu ni gredi 5, chenye sita ni gredi 8, na nati ziwe za kujifunga. Kama kutakuwa na kuchomelea, chomoa betri, tenganisha tela na gari, ondoa mitungi ya gesi, na ufuatilie bomba la gesi na nyaya zinapopita. Juu kidogo ya moto kuna plaiwudi na sufi ya kuzuia baridi, basi awepo mtu mwenye kizima moto, na abaki akikagua hata baada ya mashine kuzimwa. Chuma kilichopakwa zinki kisagwe kwanza zinki hiyo itoke, moshi wake huleta homa. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, ipime kabla ya kuwasha grainda.

Mwisho, amua mtapandaje humo katika siku ambazo ngazi haipo. Kigoda cha plastiki hapana. Tafuta jukwaa la aluminiamu lenye miguu minne mipana, na mlango ukiwa hauna ngazi ufungwe kwa ufunguo, kwa sababu aliyelala ndani akiamka gizani mguu wake utatafuta kidato pale pale kilipozoeleka.