Namna ya kudai njia ya waenda kwa miguu kabla barabara haijachorwa

Wengi huanza kulalamikia barabara siku greda linapofika mtaani. Nimefanya kazi ya kushika futi na kupigilia vigingi kwa wapimaji wa barabara hapa Dar es Salaam, na nawaambia wenzangu wa Mbagala: greda likishafika, mengi yameshaamuliwa. Mtaro upite upande upi, kalavati likae wapi, watu wavukie wapi, yote yamo kwenye mchoro, na mkandarasi analipwa kwa kuufuata. Basi haya ninayoeleza ni ya ile miezi kabla ya greda.

Serikali imejenga mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake ya pekee, na naiunga mkono kwa moyo wote. Awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, jumla kilomita 20.9, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Awamu ya pili ikaja kwetu kwa Barabara ya Kilwa, ya tatu ikaelekea Gongo la Mboto. Lakini basi halifiki mlangoni kwa mtu. Anayetoka ndani ndani Charambe anakanyaga tope, anaruka mtaro, anapishana na bodaboda pembeni mwa lami, ndipo afike kituoni. Akipata hela kidogo anaacha kutembea. Mpango wa usafiri usiohesabu hiyo njia ya kwenda kituoni una pengo, na pengo hilo sisi wakazi ndio tunaolijua.

Kwanza jua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaani na za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza 2017. Ukipeleka barua kwa asiyehusika utazungushwa mwaka mzima. Mtendaji wa mtaa anajua. Muulize kabla hujaandika neno.

Kisha hesabu watu. Hapa usifanye haraka, maana mhandisi anasikiliza hesabu kuliko kilio. Chukua daftari, keti mahali watu wanapovukia kwa mazoea, siku ya shule, alfajiri watoto wanapotoka na tena jioni watu wanaporudi kutoka kazini. Gawa ukurasa safu: wanafunzi, watu wazima, wenye mizigo kichwani, wenye watoto mgongoni, wanaotumia magongo au kiti mwendo, baiskeli. Kila anayepita piga mstari. Wa tano ukate ile minne, ili kujumlisha kuwe rahisi. Andika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, na kama kulikuwa na mvua. Halafu chora ramani ya mkono: shule, zahanati, soko, kituo, na mshale kuonyesha watu wanakatisha wapi. Watu huvuka palipo karibu na wanakokwenda, hata kivuko kikichorwa mita mia mbili mbele. Ramani yako ndiyo itakayomwonyesha mchoraji hilo.

Karatasi hizo zipeleke kwenye mkutano wa mtaa, na hakikisha ombi linaandikwa kwenye muhtasari. Ombi lisiloandikwa halifiki kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na lisipofika huko diwani hana cha kusimamia kwenye baraza. Angalia na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili. Ukizinduka Mei umechelewa. Mambo ya mtaa yaanze kusukumwa kabla ya Januari.

Omba kuuona mchoro. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Andika kwa adabu, peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ukiupata, tazama maji kwanza. Karakana ya mwendokasi ya Jangwani iliwekwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zimeijaza maji zaidi ya mara moja. Wazee wa mtaa wanajua maji yalifika ukuta upi. Waite, waonyeshe kwa kidole, nawe uandike. Halafu tazama mtaro. Je, una mfuniko wa zege? Matundu ya mfuniko yakiwa mapana, gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo linazama humo na mtu anapinduka. Ukingo wa njia uwe na mteremko pale pa kuvukia. Omba na taa, kwa sababu wanawake wanaorudi usiku wanazunguka mbali kukwepa giza.

Jambo moja linaniuma: njia ikishatengwa, kinachofuata mara nyingi ni kufukuza mama lishe na wauza mboga. Waingizeni kwenye mazungumzo mapema, waoneshwe sehemu yao kwenye mchoro. Wasipopewa mahali watarudi palepale, na watembeao watarudi kwenye lami.

Kazi ikianza, andika jina la mhandisi mshauri lililo kwenye bango la mradi. Huyo ndiye mwenye kauli eneo la kazi. Na mkandarasi akiondoka, bado kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambacho anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama yake. Mvua ya kwanza ikinyesha, toka na simu yako, piga picha kila palipotuama maji au mfuniko uliovunjika, na uzipeleke kwa maandishi kabla kipindi hicho hakijaisha.